Kazi za mikono kwa watoto wadogo: tuanze na kitendo, si na kitu

Kila likizo ndefu ya Desemba na Januari inapokaribia, wazazi wenzangu hapa Bombo, nchini Uganda, huniuliza ni kazi gani za mikono zinazoweza kuwashughulisha nyumbani watoto wa miaka miwili hadi sita, na mara nyingi swali hilo huja pamoja na picha iliyopatikana kwenye simu: simba wa karatasi mwenye manyoya ya rangi, au kipepeo wa vijiti na vibandiko ambavyo havipatikani katika duka lolote la hapa mjini. Mimi hujibu kwa kuuliza, katika kumtengeneza simba huyo, ni vitendo vingapi vitakavyofanywa na mtoto mwenyewe. Kwa kawaida mama ndiye atakayechora, mama ndiye atakayekata, mama ndiye atakayepaka gundi, na mtoto ataitwa mwishoni abandike macho mawili. Simba atapendeza, lakini kazi hiyo ni ya mama.

Kipimo changu ni hicho. Kazi inayomfaa mtoto mdogo ni ile ambayo sehemu kubwa ya vitendo vyake imo ndani ya uwezo wa mkono wake wa leo, hata kama kitakachopatikana hakitaeleweka kwa mgeni atakayekiona juu ya kabati. Kwa hiyo ninapozipanga kazi hizi sianzi na kitu kitakachotengenezwa, bali huanza na kitendo: kubonyeza, kuchana, kubandika, kugonga, kutunga, kusuka. Vifaa vya vitendo hivyo vyote vinapatikana jikoni, shambani na katika makaratasi tunayoyatupa.

Mkono wa mtoto hukua kwa utaratibu wake. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hushika kalamu ya rangi kwa ngumi nzima, na mikwaruzo yake hutoka begani wala si vidoleni. Wa miaka mitatu kwa kawaida huweza kuiga duara, wa miaka minne huiga msalaba, na mraba huja karibu na miaka mitano. Pembetatu huchelewa zaidi kwa sababu ya mistari yake ya mshazari. Mkasi nao hutanguliwa na kukatakata kingo za karatasi bila mpango wowote, kuanzia miaka miwili na nusu au mitatu, na kuufuata mstari huja baadaye kabisa. Umri huu si sheria, kwani watoto hutofautiana sana hata ndani ya nyumba moja, lakini mzazi anayeujua hatampa mtoto wa miaka miwili mkasi na mstari kisha akakasirika mstari ukikosewa.

Tuanze na kubonyeza, na kwa kubonyeza sijaona kinachoushinda unga uliopikwa. Chukua vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, vikombe viwili vya maji, vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia na vijiko viwili vikubwa vya maji ya ndimu. Changanya vyote ndani ya sufuria vikiwa baridi hadi madonge yaishe, kisha injika kwenye sigiri yenye moto mdogo na ukoroge kwa mwiko bila kupumzika. Mwanzoni utaona uji mwepesi, halafu uji utaanza kushika pembeni, na baada ya dakika chache utajikusanya kuwa donge moja zito linaloachana na sufuria. Epua, liache lipoe, kisha ulikande mezani mpaka liwe nyororo. Moto huufanya wanga uvimbe na kunywa maji, ndiyo sababu unga uliopikwa haunati vidoleni kama ule mbichi; chumvi huzuia ukungu, mafuta huchelewesha kukauka, na ndimu hulipa donge ulaini. Ukihifadhiwa katika kopo lenye kifuniko kinachobana, unga huu hudumu wiki kadhaa, na siku utakapoanza kunuka au kutoa madoa, utupwe bila kuuonea huruma.

Ipo namna ya pili isiyopikwa, ya vikombe viwili vya unga, kikombe kimoja cha chumvi na takriban kikombe kimoja cha maji kinachoongezwa kidogo kidogo. Hii hufaa kwa vitu vinavyokusudiwa kukauka, kama alama ya kiganja au kisahani kidogo, kwa kuwa hugeuka ngumu ikiachwa juani kwa siku chache. Kwa kuchezea tu haifai sana, kwani hunata na hukatika.

Rangi zipo jikoni. Manjano hutoa njano kali, maji ya bitiruti hutoa waridi, na maji ya majani ya dodo, yaani mchicha, yaliyopondwa na kuchujwa hutoa kijani hafifu ambacho hufifia zaidi baada ya siku mbili tatu. Mchezo unaowashangaza watoto wa miaka mitano na sita ni kutia magadi kidogo sana, yale tunayolainishia maharagwe, katika maji ya manjano, kwa maana njano hugeuka palepale kuwa nyekundu ya kutu, na ndimu ikiongezwa baadaye rangi hurudi kuwa njano. Magadi huchoma macho na mdomo, kwa hiyo mtu mzima ndiye ayashike, na watoto watazame.

Watoto wa Uganda hawahitaji kufundishwa la kufanya na donge hilo. Wamemwona muuza rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, kando ya barabara akisukuma chapati, akikaanga mayai na kuviringisha kwa mkono mmoja huku akipokea pesa kwa mkono wa pili, na mtoto wa miaka mitatu aliyepewa chupa tupu ya kusukumia atakuuzia rolex za unga asubuhi nzima. Akidai pesa, lipa. Jani moja la mti linatosha. Ongeza uma wa zamani wa kuchorea alama, kifuniko cha kopo cha kukatia maduara na kijiti kisicho na ncha, wala usiongeze zaidi, kwani vifaa vikizidi mtoto huhama kutoka kwenye unga kwenda kwenye vifaa.

Lazima niseme neno kuhusu chumvi. Unga huu una chumvi nyingi mno kwa mwili mdogo. Tone linaloonjwa mara nyingi hutemwa kwa ukali wa ladha yake, lakini mtoto anayeula kwa wingi anaweza kudhurika vibaya, kwa sababu chumvi nyingi inayoingia kwa ghafla huvuruga kiasi cha maji mwilini. Unga mbichi wa ngano nao unaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, ambaye kila kitu hupitia mdomoni kwanza, mimi huuacha kabisa unga wa chumvi na kumpa kipande cha posho, yaani ugali, iliyopoa, naye huibonyeza, huipasua, huila nusu yake, na hakuna aliyepata hasara. Najua wapo wazee wasiopenda chakula kichezewe, na hoja yao ina uzito katika nyumba ambamo unga hupimwa kwa kikombe. Kwa nyumba hizo ninapendekeza udongo.

Udongo wa mfinyanzi hauna gharama, au gharama yake ni ndogo, nao hukaa mabondeni karibu na wanakofyatulia matofali. Mtu mzima ndiye aufuate. Mashimo ya matofali hujaa maji wakati wa mvua na watoto huzama humo, na maji ya kandokando ya Ziwa Victoria na Mto Naili yana konokono wanaoeneza kichocho, ugonjwa unaompata mtoto kwa kusimama tu katika maji hayo. Ukishauleta nyumbani, toa mawe na mizizi, uloweke usiku kucha, kisha uukande mpaka ukubali jaribio la wafinyanzi: viringisha kijiti cha udongo chenye unene wa kidole, uuzungushe kwenye kidole chako, na kama haupasuki, uko tayari. Ukipasuka, unahitaji maji zaidi au una mchanga mwingi.

Mtoto wa miaka miwili atabonyeza mashimo kwa kidole gumba na kuridhika. Wa miaka minne ataanza kutengeneza vitu vyenye majina, na hapa kwetu kitu cha kwanza mara nyingi ni sufuria au ng'ombe. Ng'ombe wa Ankole huleta tatizo la ufundi kwa sababu ya pembe zake ndefu. Pembe za udongo mtupu huanguka, na zikitiwa kijiti ndani hupasuka zinapokauka, kwa kuwa udongo hunywea na kijiti hakinywei. Suluhisho ni kuzifanya pembe zenyewe kuwa vijiti vilivyopinda, ambavyo mtoto atavitafuta mwenyewe uani, na kuvichomeka katika matundu mapana kidogo yaliyotobolewa udongo ungali mbichi. Vitu visizidi unene wa dole gumba, vikaushwe kivulini vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa siku ya kwanza, na visichomwe. Udongo usiochomwa huyeyuka ukirudishwa majini, na hilo kwangu ni faida kubwa, maana ng'ombe wa juma hili ndiye sufuria ya juma lijalo. Katika miezi ya Machi hadi Mei, mvua inaponyesha karibu kila siku, kukausha udongo ni shida, na heri kuuahirisha.

Kuchana karatasi ni kitendo ambacho wazazi wengi hawakihesabu kuwa kazi, ilhali kwa mtoto wa miaka miwili ni kazi nzito. Mikono miwili inatakiwa kushika kwa ncha za vidole na kwenda pande zinazopingana kwa wakati mmoja, na mtoto asiyejua atavuta karatasi kwa nguvu zote bila ichanike. Msaidie kwa kuanzisha mpasuko mdogo pembeni, kisha mwachie. Gazeti ni zuri kwa kuanzia kwa sababu ni laini, na lina tabia ambayo watoto wakubwa kidogo hufurahia kuigundua: likichanwa upande mmoja hufuata mstari ulionyooka, na likichanwa upande mwingine hupinda ovyo, kwani nyuzi zake zimelala zikielekea upande mmoja. Bukedde au New Vision ya wiki iliyopita inatosha. Anayefika Kampala na kupita Nasser Road, mtaa wa wachapishaji, anaweza kuomba mabaki yanayokatwa na mashine zao, ambayo huwa ya rangi nyingi na ya unene tofauti, na ambayo kwa mchapishaji ni takataka.

Vipande vikishapatikana hubandikwa, na gundi yake huwa ya muhogo. Koroga vijiko viwili vikubwa vya unga wa muhogo katika robo kikombe ya maji baridi hadi madonge yaishe, mimina juu yake kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikoroga kwa kasi, na kama haikung'aa irudishe motoni kwa dakika moja. Gundi iliyoiva hubadilika kutoka weupe wa maziwa na kuwa na mng'ao unaopitisha mwanga. Iache ipoe kabisa. Hushika karatasi vizuri na hunawika kwa maji, lakini huchacha baada ya siku mbili au tatu, kwa hiyo ipikwe kidogo kidogo. Mtoto aipake kwa kidole. Burashi katika umri huu humchelewesha tu, na humpa sababu ya kupaka ukuta.

Swali linalofuata ni kama achorewe umbo la kujaza. Kwa walio chini ya miaka mitatu mimi nasema hapana, kwani kitendo cha kubandika kinatosha, na mipaka humfanya mama asimame nyuma yake akimrekebisha. Kuanzia miaka minne umbo kubwa lisilo na vipembe vidogo, kama mkungu wa matoke au samaki sato, humpa mtoto jambo la kufikiria: apange vipande vya kijani vinavyofuatana, au ajaze tu. Hapa niingize lalamiko langu dogo. Wapo walimu wanaopeleka nyumbani mwishoni mwa muhula mafaili ya kazi za watoto ambamo kila samaki amejazwa sawasawa hadi kwenye ukingo, na mzazi yeyote aliyewahi kumwona mtoto wa miaka mitatu akibandika kitu anajua ni mkono wa nani uliofanya kazi hiyo usiku. Walimu hao hawana nia mbaya. Wanawaogopa wazazi, na wazazi ndio wanaoweza kuwaondolea hofu hiyo kwa kulipokea faili lenye samaki mwenye upara.

Kugonga, yaani kuchovya kitu katika rangi na kukigandamiza juu ya karatasi kama muhuri wa ofisi, ndicho kitendo ninachokipenda kuliko vyote, na shamba la Uganda ni tajiri kwa mihuri. Kata kikonyo cha jani la mgomba kwa upana na utazame ndani: kuna vyumba vingi vidogo vya hewa vilivyopangwa safu kwa safu ndani ya umbo la mwezi mchanga, na ukikigonga kwenye karatasi vyumba hivyo vyote huonekana. Bamia iliyokatwa kwa upana hutoa nyota yenye pembe tano, mara nyingine zaidi. Kikonyo cha jani la mpapai ni bomba tupu, nacho hutoa duara safi. Nusu ya kitunguu hutoa duara ndani ya duara. Nusu ya chungwa lililokaushwa saa chache juani hutoa gurudumu lenye vijiti vyake. Mtoto wa miaka miwili anaweza kushika kikonyo cha mgomba kwa ngumi yake nzima na kugonga bila msaada, na mtoto wa miaka sita anaweza kupanga nyota na duara kwa kupokezana hadi karatasi ijae, hivyo watoto wa umri tofauti hufanya kazi moja mezani bila kugombana. Kwa mama mwenye watoto watatu hilo si jambo dogo.

Kuna tahadhari mbili. Utomvu wa mgomba huacha doa la kahawia lisilotoka kwenye nguo kwa sabuni yoyote ninayoijua, kwa hiyo mtoto avae nguo kuukuu au abaki na kaptula tu. Utomvu mweupe wa mpapai huwasha ngozi laini, hivyo kikonyo kikatwe na mtu mzima, kioshwe, na kiachwe kikauke kabla ya kupewa mtoto. Na kwa kuwa tumefika kwenye utomvu, watoto watakaotumwa kutafuta majani na vijiti wakatazwe kabisa kuvunja matawi ya manyara yanayopandwa kuwa uzio, maana maziwa yake yakiingia jichoni huleta maumivu makali na yanaweza kudhuru uwezo wa kuona.

Rangi ya kugongea hutengenezwa kwa gundi ileile ya muhogo, ikitiwa rangi za jikoni nilizozitaja, au udongo. Udongo wetu mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa na kuchanganywa na gundi hutoa rangi nzuri ambayo haififii kama ya bitiruti, na ukichanganya udongo wa sehemu mbili au tatu utapata nyekundu, kahawia na rangi ya chungwa. Makaa yaliyosagwa hutoa nyeusi. Yasagwe na mtu mzima yakiwa yamelowa, ili vumbi lisiingie vifuani. Mimina rangi kidogo juu ya kitambaa kilichokunjwa ndani ya sahani, mtoto abonyeze muhuri juu ya kitambaa hicho, na hapo rangi haitakuwa nyingi hadi kuziba vyumba vya kikonyo.

Mpira wa magome makavu ya mgomba, yale ambayo majirani zetu Waganda huyaita byayi, nitautaja kwa ufupi kwa sababu kila mtu aliyekulia hapa anaujua. Kwa kipimo changu ni kazi ya pamoja: mtoto mdogo hukunja na kugandamiza mabua ya ndani, wa miaka mitano huzungusha kamba, na mtu mzima hufunga mafundo. Magome yaliyokauka sana hukatika, kwa hiyo yanyunyiziwe maji kabla ya kuanza. Mwanasesere wa byayi ni mgumu zaidi, na wengi wa walio chini ya miaka sita huishia kuwa watazamaji.

Kutunga huhitaji uangalifu kuliko vitendo vingine vyote. Kitu chochote kinachoweza kupita ndani ya kigogo cha katikati cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kundi hilo linajumuisha maharagwe, vizibo vya soda, vifungo na shanga karibu zote. Mtoto wa umri huo apewe pete pana za kigogo hichohicho na kamba nene ya viatu, azitunge, azimwage, azitunge tena. Zipo pia mbegu ambazo hazifai kutungwa na mtoto wa umri wowote: zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi, zinazopendeza sana na ambazo watu hupenda kuzifanya shanga, zina sumu kali ikiwa zitatafunwa au kutobolewa, na mbegu za mbarika vilevile. Ukizikuta uani, zizoe uzitupe chooni.

Kwa watoto wa miaka mitano na kuendelea tunazo shanga za karatasi, ufundi ambao Uganda inajulikana nao hata nje ya nchi na ambao umewapatia riziki wanawake wengi, wakiwemo wale wa Acholi Quarter huko Kireka, pembezoni mwa Kampala, ambao wengi wao walikimbia vita vya kaskazini. Karatasi ya rangi, kwa mfano ya kalenda iliyokwisha, hukatwa pembetatu nyembamba ndefu zenye upana wa sentimita mbili upande mmoja na urefu wa takriban sentimita 30. Unaanza kuviringisha kwa upande mpana juu ya kijiti, unaelekea kwenye ncha, na ncha unaifunga kwa gundi. Ushanga hujitokeza mnene katikati na mwembamba pembeni. Akina mama wa biashara hutumia kijiti chembamba sana na humaliza kwa vanishi. Kwa mtoto tumia mrija wa soda, kwa kuwa unamjaza vidole, na acha vanishi kabisa, maana mvuke wake haufai kwa mapafu madogo. Pembetatu azikate mtu mzima, lakini kuviringisha, ambako ndiko kiini cha kazi, kuwe kwa mtoto. Shanga za kwanza zitakuwa legelege na zitapinda upande kwa sababu karatasi haikuwekwa katikati. Usizifungue kuzisahihisha, mpe pembetatu nyingine. Uzi wa kutungia uchovywe ncha yake katika gundi na kuachwa ukauke, ukawa mgumu kama sindano isiyochoma.

Kusuka ndiko kunakohitaji umri mkubwa zaidi katika umri huu mdogo. Hapa Bombo tumezungukwa na kazi za kusukwa, na bibi zetu wa Kinubi bado hutengeneza tabaga zenye rangi kali ambazo hutundikwa ukutani na kufunikia chakula. Mtoto wa miaka sita hawezi kuanza tabaga, kwa kuwa inasukwa kwa kuzunguka kutoka katikati na inahitaji sindano, lakini anaweza kuanza na mkeka wa karatasi. Chukua jalada la boksi, likate mistari sambamba isiyofika mwisho, kila mmoja ukiwa na upana wa vidole viwili, kisha umpe tepe za karatasi nene au za ukindu uliolowekwa. Anapitisha tepe juu, chini, juu, chini. Tepe ya pili inaanza chini. Kosa la kawaida ni kuanza safu zote kwa juu, na mtoto ataligundua mwenyewe pale tepe zitakapoteleza na kutoka, mradi usimwambie kabla. Tepe za rangi mbili zinazopokezana humsaidia kuliona kosa mapema.

Akiweza mkeka wa boksi, mwaka unaofuata mpeleke kwa bibi yeyote wa mtaani anayesuka, pamoja na sukari kidogo ya heshima, akae pembeni yake alasiri moja na apewe kazi ya kuchagua ukindu kwa rangi na kwa urefu. Wasukaji wengi huwaanzisha watoto kwa kazi hiyo, na sindano huja wanapoona mkono umetulia.